Ng'ombe wa Mama Safari Kwenye Mfumo Wangu wa Kwanza

Mwalimu wenu amenipigia simu mara tatu wiki hii. "Mama, vijana wanaanza kujifunza kutengeneza programu za wavuti. Tunaomba uwaandikie mawili matatu, wewe ndiye mkongwe wetu hapa Babati." Mara ya kwanza nilimwambia nina kazi nyingi. Uongo mtupu. Nimestaafu, kazi yangu siku hizi ni kuzunguka nyumba hii ya Nangara kutoka jikoni mpaka kwenye migomba, na nikifika kwenye migomba nakumbuka nimeacha kitu jikoni. Mara ya pili sikupokea. Mara ya tatu nikakubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayenipunguzia maneno.

Basi nisomeni hivi nilivyo. Naandika nimesimama, laptopu iko juu ya kabati la vyombo, maana nikikaa dakika kumi miguu inaanza kuniwasha. Watu wa aina yangu mnatuita viherehere. Ni kweli. Kiherehere ndicho kilichonifundisha kazi hii wakati wenzangu hawajajua hata inaitwaje, na kiherehere hicho hicho kilitaka kumfilisi mjane wa watu. Hilo la mjane ndilo nataka mlisikie, lakini nitafika kwa njia yangu.

Mimi ni Mama Elia. Nilikuwa ofisa mifugo miaka zaidi ya ishirini, mabuti miguuni, sindano mkononi, leo Bonga kesho Sigino. Nilianza kujifunza kuandika programu nikiwa na miaka arobaini na saba. Hamjasoma vibaya, arobaini na saba. Mwanangu Elia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, wewe hata kupokea simu unabonyeza kwa nguvu kama unaua mdudu!" Nikamwambia cheka tu, baba, meno ni yako.

Sababu yenyewe ilikuwa daftari. Kumbukumbu zangu zote za chanjo zilikuwa kwenye daftari moja kubwa, kaunta buku, nalifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Siku moja mvua ilinikuta njiani, na nilipofika nyumbani daftari lilikuwa uji. Msimu mzima wa chanjo uliondoka na maji. Nilikaa nikalia, kisha nikaoga, kisha nikaenda stendi kumtafuta yule kijana wa kompyuta.

Aliitwa Deo, mtu wa Bukoba, wakati huo ana miaka thelathini hivi. Alikuwa na chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta sita, mbili mbovu. Alifundisha Jumamosi. Nikiingia anasimama, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Hapo heshima yote imekwisha. Kinachofuata ni kukaripiwa mpaka saa sita. "Mama, usiguse! Mama, soma kwanza! Mama, nani amekwambia ubonyeze hapo?" Wanafunzi wenzangu walikuwa vijana wa kidato cha nne, wananionea huruma, mmoja akaniletea mto wa kukalia.

Somo la kwanza alilonipa Deo nitawapa ninyi bure. Programu ya wavuti ni kama duka la dawa za mifugo. Mteja yuko dirishani, huo ndio ukurasa anaouona kwenye simu. Muuzaji yuko ndani, hiyo ndiyo programu inayokaa kwenye seva, inapokea swali na kurudisha jibu. Stoo iko nyuma, hiyo ndiyo kanzidata, humo ndimo kila kitu kinahifadhiwa. Mengine yote mtakayoambiwa ni mapambo ya hayo matatu. Nilielewa siku hiyo hiyo, nikajiona nimefika. Kumbe sijatoka hata mlangoni.

Wiki ya pili nilikwama siku tatu kwa alama moja ya mabano niliyosahau kufunga. Siku tatu, jamani! Kompyuta ilikuwa inaniletea maandishi mekundu, na mimi kila yakitokea nayafunga haraka, kama mtu anayemfungia mlango mchuuzi. Deo alipokuja akaniuliza, "Yanasemaje?" Nikamwambia sijui, ni makosa. "Mama, yanakwambia kosa liko mstari gani! Soma kwa sauti." Nikasoma kwa sauti. Mstari wa kumi na tisa. Nilitamani nimpige, lakini alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nasoma ujumbe wa kosa kwa sauti, hata nikiwa peke yangu, na majirani wamezoea.

Umeme ukikatika tuliandika kwa mkono. Nilinunua daftari jingine, nikawa nanakili programu kwa kalamu, mstari kwa mstari, kisha umeme ukirudi naziingiza. Mtacheka, lakini mkono unakumbuka kuliko macho. Mpaka leo nikiona programu mbovu naijua kwa kujaribu kuiandika kwenye karatasi: mkono ukichoka, ujue ni ndefu bila sababu.

Jambo jingine alilonilazimisha Deo ni kuchora kila ukurasa kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta, na kumpa mtu halisi aubonyeze kwa kidole. "Usimpe mwanao," alisema, "mpe mtu atakayeutumia." Kikundi chetu cha wafugaji kilikuwa na mzee mmoja wa Sigino, nitamwita Mzee Qwaray, mzee wa kanisa, mpole, mtu wa kusema maneno matano kwa siku. Nikampelekea karatasi zangu zizini. Nilikuwa nimechora visanduku vya kujaza habari za ng'ombe: jina, rangi, tarehe ya kuzaliwa. Akaweka kidole kwenye tarehe.

"Hapa naandika nini?"

"Siku aliyozaliwa, mzee."

"Alizaliwa tukiwa kwenye palizi ya pili."

"Mwezi gani?"

"Mwezi wa palizi ya pili." Akanitazama kwa upole. "Nisipojaza inakuwaje?"

Nikamwambia haitakubali kuendelea. Akafikiri. "Basi ng'ombe huyu bado hajazaliwa?"

Nilicheka njia nzima mpaka mjini. Nikaondoa tarehe, nikaweka majira: vuli, masika, palizi, mavuno. Halafu vidole vyenyewe. Mzee yule ameshika jembe miaka sitini, ngozi ya kidole imekuwa gome. Nilipompa simu, akibonyeza kioo hakisikii. Kwa hiyo vitufe vyangu ni vikubwa, na vina nafasi kati yao, na sijali mabinti wa usanifu wanaosema vinatia aibu.

Sasa tufike kwenye lile.

Wengi wenu mmezaliwa huku lakini mmekulia mjini, kwa hiyo niwaeleze. Huku kwetu mfugaji mwenye akili haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Anampa rafiki wawili, anampa mwingine watatu. Anayefuga anakunywa maziwa na anapata samadi, ndama wanabaki kuwa wa mwenye mali. Ugonjwa ukiingia boma moja, wewe hujafilisika. Na kubwa zaidi, hakuna anayejua una wangapi. Kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kumvunjia heshima, ni sawa na kufunua sufuria lake. Mimi mzaliwa wa Dareda nalijua hilo tangu naachishwa ziwa. Baba yangu mwenyewe alikuwa na ng'ombe kwenye maboma ambayo sisi watoto tuliyajua siku ya matanga yake.

Lakini mtu wa chanjo anaambiwa. Lazima. Nikitaka kumdunga ng'ombe sindano, nani ananipa ruhusa? Ndiyo maana watu walininong'oneza: huyu si wangu, ni wa fulani. Nilikuwa naandika kwenye daftari kwa alama zangu mwenyewe, mduara, msalaba, nukta mbili, hakuna mwingine aliyeweza kusoma. Miaka ishirini nilibeba siri za zizi la kila mtu na sikutoa hata moja.

Kisha nikapata kompyuta. Sijui niwaelezeje. Ukiwa mwanafunzi, kisanduku kitupu kwenye skrini kinakuwasha mkono. Niliunda jedwali la ng'ombe, nikaweka nambari, rangi, chanjo ya mwisho. Kisha nikaweka "mwenye mali". Kisha nikaweka "anakofugwa". Kwa nini? Kwa sababu nafasi ilikuwepo! Kwa sababu nilijua jibu! Nikakaa wiki nzima nafasiri alama zangu za daftari jipya nililoanza baada ya mvua ile, mduara nikauandika jina, msalaba nikauandika jina, na kila nikijaza mstari nafurahi.

Jumamosi moja Deo alitufundisha kuvuta kila kitu kutoka kanzidata na kukionyesha kwenye ukurasa, orodha nzima, mistari yote. Somo la kufunga mlango, la paswedi na la nani aone nini, lilikuwa limepangwa Jumamosi inayofuata. Hapo ndipo mniangalie. Mimi sikusubiri. Wakubwa kutoka juu walikuwa waje Jumatatu ya wiki ile nyingine kuutazama mfumo wangu, ikiwezekana uchukuliwe na kata nyingine, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa ananisumbua kila siku. Nilikuwa nimekwisha kutoa miezi minane ya Jumamosi, na moja zaidi niliiona nyingi. Jumatano asubuhi nikauweka hewani, nikatuma kiungo kwenye kundi la simu la wafugaji. Nikaandika: "Haya wapendwa, mfumo wetu huo, fungueni mjionee!"

Nilingoja pongezi. Kundi lile hata mtu akituma picha ya mahindi yake watu wanapiga makofi. Kimya. Nikasema labda mtandao. Nikatuma tena.

Kabla ya saa sita mchana mtu akabisha hodi. Alikuwa Mama Safari, ametembea kwa miguu kutoka Sigino, vumbi mpaka magotini. Mumewe alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma, na shemeji yake, Bura, alikuwa amekwisha kuchukua shamba la bondeni na ng'ombe wa zizini, akidai ni mali ya ukoo. Nikamwambia karibu, keti. Hakuketi.

"Mama Elia, umenivua nguo."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Ng'ombe wangu walioko kwa Mzee Qwaray. Umewaandika. Jina langu hapa, jina la mzee pale. Bura ana simu na yuko kwenye lile kundi."

 Nilijua habari ya ng'ombe wale kuliko mtu yeyote. Walitokana na mtamba mmoja ambaye Mama Safari alipewa na baba yake siku anaolewa. Marehemu mumewe mwenyewe ndiye aliyewapeleka kwa Mzee Qwaray, akamwambia mkewe: hawa usiwataje, nikitangulia ndio watakaokulea wewe na watoto. Baba wa Mama Safari naye alikuwa amekwisha kufariki. Nani angesimama kuthibitisha kwamba ni wake? Bura angesema ni wa kaka yake, na wazee wangekubali. Mwanamke yule hakuwa na kitu kingine duniani ila ng'ombe wale.

"Natoa sasa hivi," nikamwambia. "Sasa hivi naondoa."

Nikafungua laptopu. Na hapo, wanangu, ndipo nilipojua mimi ni mwanafunzi. Nilijua kuweka hewani. Kuondoa nilikuwa sijafundishwa! Niliufuta ukurasa kwenye laptopu yangu, nikafungua kwenye simu, orodha ile pale inanicheka. Nikampigia Deo, hapatikani, alikuwa safarini Singida. Nikapiga tena, nikapiga tena. Mama Safari amesimama mlangoni, ananitazama vidole. Nikajaribu hiki, nikajaribu kile. Mwisho nikaingia kwenye kanzidata na kuamuru safu yote ya wenye mali ifutwe. Ukurasa ukagoma kufunguka kabisa, maandishi mekundu, sijawahi kuyafurahia vile. Lakini ilikwisha kuwa saa tisa alasiri. Bura alikuwa ameupiga picha tangu asubuhi.

Jumamosi wakaitwa wazee kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Sikwenda darasani. Nilifika mapema, nikazunguka ule uwanja mara sijui ngapi, mpaka mtu akaniambia, "Mama Mifugo, tulia, unatutia kizunguzungu."

Bura alisimama na simu mkononi. Akaamkia wazee vizuri, maana hakuwa mtu wa fujo, alikuwa mtu wa hesabu. "Mimi sina ugomvi na shemeji yangu. Nataka tu mali ya marehemu kaka ijulikane iko wapi. Hii hapa, imeandikwa na mtu wa serikali." Simu ikapita mkono kwa mkono. Wazee wakaishika mbali na macho, wakaisogeza, wakaisoma. Mama Safari alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, kitenge amekivuta mpaka kwenye paji la uso.

Mwenyekiti wa kijiji akamgeukia Mzee Qwaray. "Mzee, hawa ng'ombe ni wa nani?"

Mzee akasimama taratibu. "Ng'ombe waliomo katika zizi langu ni wangu."

"Wote?"

"Wote."

Mzee wa kanisa. Mtu anayesoma Neno mbele ya watu kila Jumapili. Niliona ameishika fimbo kwa mikono miwili, nikajua ni mara yake ya kwanza kudanganya. Na uso wa Mama Safari nao niliuona, amekiinua kitenge, hajui afurahi au alie, kwa sababu mzee amemwokoa kwa kumnyang'anya mbele ya mashahidi kijiji kizima.

Mwenyekiti akaniita. "Mama Elia, kompyuta yako inasema vingine. Nani mwongo hapa?"

Nikasimama. "Kompyuta haisemi kitu, mwenyekiti. Inarudia ulichoiambia. Mimi ndiye niliyeiambia, na nilikosea huo mstari."

Nikadhani nimemaliza. Bura akatabasamu. "Mstari huu mmoja tu, mama? Mingine yote sawa, ila huu wa shemeji yangu ndio umekosewa?"

Alinibana kweli kweli.  Ningesema ndiyo, mtoto mdogo angejua nadanganya. Palikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa linakula miezi yangu minane, na wakubwa wa Jumatatu, na jina langu lote la kazi. Roho iliniuma, msidhani nilikuwa shujaa. Nilisita mpaka watu wakaona ninasita.

"Mingine nayo," nikasema. "Nilichanganya majina nikiyatoa kwenye daftari. Orodha yote haifai. Msiiamini hata mstari mmoja."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote. Hata waliokuwa wamekasirika wakacheka kwa nafuu, maana kila mmoja alikuwa na wake kwenye ile orodha, na sasa kila mmoja angeweza kusema: ah, yule mama alichanganya. Bura alizima simu akaondoka bila kuaga. Na mimi nikapata jina. Kwa miaka sita, Sigino nzima, niliitwa Mama Changanya. Watoto waliniimbia njiani. Sikumsahihisha mtu.

Jumatatu wakubwa walinipigia asubuhi. "Tumesikia. Usihangaike kujiandaa." Simu ikakatwa. Na si hilo tu. Msimu ule nilipowakumbusha watu tarehe ya chanjo ya chambavu, ule ugonjwa unaoua ndama ghafla, hawakuitikia, walisema Mama Changanya atakuwa amechanganya na tarehe. Ndama walikufa kwenye maboma manne. Nilikwenda kuwaona wakiwa wamelala miguu imekakamaa, nikarudi kwenye pikipiki yangu na kaunta buku jipya, nyumba kwa nyumba, kuwabembeleza watu wachanje. Hilo nalo ni langu, silisukumi kwa mtu.

Deo aliporudi kutoka Singida nilimweleza yote, nikangoja kukaripiwa. Hakunikaripia. Alikaa kwenye kiti, akashika kichwa. "Mama, na mimi nina kosa. Somo la nani aone nini nililiweka mwisho." Tangu hapo likawa la kwanza, kabla hata ya kuwasha kompyuta. Ndiyo sababu mwalimu wenu, ambaye naye alipita mikononi mwa Deo, atawasumbua kwa vikaratasi. Msimnunie. Kila kisanduku unachotaka kuweka kwenye mfumo, kiandike kwenye kikaratasi chake, na nyuma yake uandike: nani atakijaza, nani atakiona, na tukikiondoa kazi ipi itakwama. Kama hakuna kazi itakayokwama, chana. Mimi mfumo wangu wa pili ulikuwa na nambari ya sikio, chanjo, majira, na simu ya kupigiwa. Basi. Vikaratasi nilivyochana vilijaa ndoo. Na kabla ya kuweka kitu hewani, jifunze kukiondoa. Fanya mazoezi ya kuondoa mpaka uweze ukiwa na hofu, mtu amesimama mlangoni.

Najua mnaniona nimepitwa. Siku hizi mnaiambia mashine iwaandikie, nayo inawaandikia mfumo mzima kabla hamjapiga chafya. Naitumia na mimi, si mshamba. Juzi niliiomba initengenezee mfumo wa mifugo, nione. Ikaniwekea nini? Kisanduku cha mwenye mali, cha kwanza kabisa juu, kwa sababu dunia nzima wanaweka. Haijui Sigino. Haikutembea kwa miguu kutoka huko. Nikakifuta.

Mnataka kujua ng'ombe waliishia wapi. Na mimi nilitaka kujua, mpaka nikakosa raha. Maana Mzee Qwaray alikwisha kutamka mbele ya kijiji kwamba ni wake, na kama angeamua kukaa na neno lake, nani angemgusa? Mama Safari hakuweza kwenda kudai. Mwaka mzima hakuna kilichotoka kwenye zizi lile. Nikipita njia ile kwa pikipiki nilikuwa nageuza shingo mpaka inauma. Kisha mtoto wa Mama Safari akapata kipaimara, na mzee akampelekea mtamba, eti zawadi ya mtoto wa kanisa. Watu wakamsifu. Baadaye mvua iling'oa bati za nyumba ya Mama Safari, mzee akampelekea dume la kuuza, eti kumsaidia mjane. Mwaka mwingine sababu nyingine. Mtu akiniambia "Mzee Qwaray ana moyo, jamani, anagawa mali yake hivi hivi," naitikia ndiyo, ana moyo. Alifariki mwaka juzi. Bura alikwisha kuhamia mbali, hana habari nasi.

Kabla sijawatumia maandishi haya, nilimpelekea Mama Safari nyumbani kwake, nikamsomea yote kwa sauti, mwanzo mpaka hapa. Alisikiliza huku anachambua maharage. Pale kwenye mstari wa kumi na tisa alicheka. Pale uwanjani aliacha maharage, akatazama nje kidogo. Nilipomaliza akasema majina yote niyabadilishe, nikamwambia nimeshabadilisha.

"Na pale ulipoandika idadi yao, futa."

Nikafuta mbele yake.

"Na rangi."

Nikafuta na rangi.

Kisha nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza jambo ambalo miaka yote hii lilikuwa linanikereketa: Mzee Qwaray amekufa, je, walirudi wote?

Alikuwa ameshika birika, anataka kunimiminia chai. Akalisimamisha hewani.

"Unauliza wewe, au inauliza kompyuta?"

"Nauliza mimi."

"Kama ni wewe, kunywa chai."

Nikanywa. Ilikuwa maziwa matupu, majani ya chai yamepita tu kusalimia. Akanijazia kikombe cha pili bila kuniuliza, akanikazia macho mpaka nikakimaliza.